Sukari ya Duka, Chai ya Nyumbani

Chukua mfuko mmoja wa sukari, kilo 50. Tuseme umeununua kwa shilingi 130,000 na unauza kilo kwa 2,800. Ukiisha wote, mkononi una 140,000. Toa 130,000 uliyonunulia. Toa nauli ya mzigo kutoka duka la jumla, 2,000. Toa vifungashio, 1,500. Imebaki 6,500, na hiyo ndiyo faida ya mfuko uliokuweka kaunta siku tano au sita. Sasa mtoto anatoka jikoni: mama anaomba sukari. Anapimiwa nusu. Keshokutwa nusu nyingine. Jumapili wamekuja wageni, inachukuliwa kilo nzima, na kesho yake kilo nyingine ya kuandaa maandazi. Kabla mfuko haujaisha, nyumba imekula kilo 3, ambazo kaunta ingeziuza 8,400. Umeuza sukari wiki nzima kwa hasara ya 1,900, na hakuna mtu aliyekuibia.

Nimelelewa katika duka la namna hiyo. Mama yangu aliuza Kwa Mathias, Kibaha, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, dirisha la nondo likitazama njia ya watu waendao na watokao Barabara ya Morogoro. Shangazi yangu ana duka lake Kisarawe mpaka leo, upande wa njia ya Minaki. Nimekaa kaunta zote mbili, utotoni kwa kutumwa na ukubwani kwa hiari. Niliyoyaona humo ndiyo ninayotaka kumwambia anayefungua duka la vyakula la familia katika miji kama hii, na yule aliyekwisha fungua lakini anashangaa mbona rafu zinapungua ilhali wateja hawakauki dirishani.

Duka la familia huliwa kutoka ndani. Mwenye duka likimyumbia humtazama jirani aliyefungua mkabala, au huwalaumu wenye supamaketi. Hebu tuwatazame hao wa supamaketi. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake hapa nchini mwaka 2015. Nakumatt ikafuata miaka michache baadaye. Aliyeingia katika maduka ya hao wawili wa Kenya siku za mwisho anakumbuka rafu zilivyokuwa tupu: wasambazaji walikuwa wanadai, wakaacha kuleta mzigo. Siku hizo hizo, kwa Mangi mwenye duka pale mtaani, unga ulikuwapo, chumvi ilikuwapo, kiberiti kilikuwapo. Wakubwa wale walikumbwa na ugonjwa uleule unaoua kaduka ka chumba kimoja: fedha ya mzigo ilikwenda kwingine, mzigo ukakoma.

Basi kazi ya kwanza ni kuitenga fedha ya mzigo na fedha ya nyumba. Kila mtu atakwambia hivyo, na karibu hakuna anayekuonyesha namna. Mama yangu alifanya hivi. Alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga chini ya kitanda. Kila usiku baada ya kufunga dirisha alihesabu mauzo, akatazama kwenye daftari ni vitu gani vimeuzwa, na fedha iliyonunulia vitu hivyo ikaingia kopo la kwanza bila kuguswa. Faida iliingia kopo la pili. Jikoni ililishwa na kopo la pili peke yake. Kopo la pili likiwa tupu, tulikula dagaa na mchicha hata kama rafuni kulikuwa na makopo ya samaki na paketi za tambi. Wakati ule niliona ni ukali. Leo najua kwamba ada yangu ya sekondari ilitoka katika ukali huo.

Nyumba inaruhusiwa kununua dukani, ila inunue. Weka daftari dogo la nyumba, lining'inie msumarini karibu na mizani. Kila kinachoingia jikoni kiandikwe: tarehe, kitu, kiasi, na aliyechukua. Bei iwe ile uliyonunulia, maana hakuna haja ya kujitoza faida mwenyewe. Mwisho wa wiki hesabu inalipwa kutoka fedha ya nyumba. Ukianza utashtuka. Shangazi alipoanza, wiki ya kwanza alikuta nyumba yake ya watu saba imekula mafuta ya kupikia lita nne, na kila mtu aliapa kwamba amechukua "kidogo tu". Hapakuwa na mwongo. Kidogo cha watu saba ndicho hicho.

Aliyekaa kaunta naye alipwe, hata akiwa mke, mume au mtoto wako. Kiasi kiwe kidogo kwa uwezo wa duka, lakini kijulikane na kitolewe siku ileile kila mwezi. Mtu asiyelipwa hujilipa. Atajilipa soda leo, vocha kesho, na moyoni hataona kosa, kwa sababu kweli amefanya kazi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1976 wanaikumbuka Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa, yakawekwa ya ushirika na ya kijiji mahali pake. Bidhaa ziliadimika, na haikuchukua muda serikali ikalegeza kamba. Walioshika funguo za maduka yale hawakuwa wabaya kuliko sisi. Duka la wote lilikosa mtu wa kukesha akiwaza kilo mbili zilizopungua. Ukimweka binti yako dukani miaka mitano bila senti, unamgeuza kuwa mlinzi wa mali isiyomhusu.

Katika miji yetu kuna mlango mwingine ambao fedha ya mzigo hutokea, nao ni michango. Mwenye duka huhesabiwa tajiri. Kadi za harusi zinaletwa kwake kwanza, msiba ukitokea macho yanamwelekea yeye. Huwezi kukataa, na mimi sikushauri ukatae. Anayejitenga na misiba ya mtaa hatauza mtaa huo. Tenga fungu la mwezi katika fedha ya nyumba, likiisha limeisha, sema kwa adabu kwamba mwezi huu umekwisha toa. Msibani peleka vitu: kilo 5 za sukari, majani ya chai, unga. Vinaonekana, vinaliwa na wote, na wewe vimekugharimu bei ya jumla. Viandike katika daftari la nyumba, siyo la duka.

Sasa madeni. Kuna wanaobandika karatasi dirishani kwamba leo fedha, mkopo kesho, wakadhani wamemaliza. Katika mji mdogo duka lisilokopesha haliishi, maana ndilo jambo moja ambalo duka la Kariakoo haliwezi kumfanyia mteja wako. Muuguzi wa Hospitali ya Tumbi, mwalimu, mlinzi wa kiwanda, hawa mshahara wao unaingia mwishoni mwa mwezi na watoto wao wanakula tangu tarehe moja. Akija tarehe kumi na nane akasema "Mama, niandikie", ukimwandikia umempata mteja wa miaka. Mkulima wa Maneromango, kule Kisarawe, anayesubiri korosho zake zipite mnadani yuko vivyo hivyo, ila yeye kusubiri kwake ni kwa miezi.

Mama alikuwa na ukurasa mmoja kwa kila nyumba, siyo kwa kila mtu, kwa sababu mume hukopa sigara asubuhi, mke akakopa unga jioni, na kila mmoja akasema la mwenzake halimhusu. Kila mkopo uliandikwa mbele ya mkopaji, akausoma au akasomewa, akatia sahihi. Kila nyumba ilikuwa na kikomo chake, na kikomo kilitokana na namna ilivyolipa mwezi uliopita. Huruma ya siku ile haikukipandisha. Jumla ya madeni yote haikuvuka sehemu ya kumi ya thamani ya mzigo uliokuwamo dukani. Sehemu hiyo ya kumi aliipanga yeye baada ya kuumia mara mbili, wala hakuitoa katika kitabu, nami sijaona kipimo kilicho bora zaidi kwa duka dogo.

Deni lina hila moja ambayo wengi hawaitambui mpaka wameungua. Mtu anayedaiwa 8,000 na hana, haji tena dukani kwako. Hata akipata fedha taslimu, ananunua kwa jirani, kwa sababu anaona haya kupita dirishani pako na noti mkononi. Umepoteza 8,000 na umepoteza manunuzi yake ya kila siku. Mfuate, kwa faragha, siyo kwa kumtuma mtoto akatangaze barazani. Mwambie alete 1,000 kila anapokuja kununua, na aje. Mama hata alikuwa akifuta nusu ya deni ili mtu arudi, na akaniambia nimtazame mtu huyo ananunua kiasi gani kwa mwezi kabla ya kumlaumu yeye mama kwa kusamehe. Nilitazama. Alikuwa amefanya hesabu sahihi.

Ndugu ndio wagumu. Shemeji anayekopa hataki kuandikwa, anaona umemdhalilisha. Mwandike. Kama huwezi kumwandika, basi ulichompa ni zawadi, kitoke kopo la pili.

Kibaha na Kisarawe, ingawa zote ziko Mkoa wa Pwani na zote zinapakana na Dar es Salaam, hazina mfuko mmoja. Kibaha ni makao makuu ya mkoa. Ina ofisi za serikali, Hospitali ya Tumbi, Shirika la Elimu Kibaha lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza miaka ya 1960, viwanda, na maelfu ya watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi usiku. Huyu wa mwisho mtazame vizuri. Anapita Mbezi, anapita sokoni, na angeweza kununua kila kitu hukohuko. Anaposhuka saa tatu usiku amechoka, anataka mkate wa chai ya asubuhi, mayai manne, mafuta ya robo lita, na vocha. Duka linalofungwa saa mbili usiku Kibaha limemfungia nje mteja wake. Mama alifungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, akalala mchana kwa saa mbili tukiwa tumerudi shule, akauza mpaka saa nne usiku. Kuanzia tarehe 25 alijaza mchele mzuri, mafuta ya lita tano, sabuni ya mche mzima. Kuanzia tarehe 10 aliweka mbele vitu vya kupima: robo, nusu robo, kijiko.

Kisarawe mjini nako kuna watumishi, lakini nyuma yao kuna vijiji vya mihogo, minazi, machungwa, korosho na mkaa, na fedha ya huko huja kwa mawimbi. Kuanzia mwezi wa kumi korosho huvunwa, hupelekwa ghalani kwa chama cha msingi, husubiri mnada, kisha malipo hutoka. Wiki zile watu hununua mifuko mizima ya mchele, mabati, vitenge, redio. Masika ikishika kunakuwa kimya, na barabara za udongo za kwenda vijijini huharibika, mzigo unapanda nauli. Shangazi hununua chumvi, sabuni na viberiti vya kutosha kabla ya Machi, kwa kuwa haviozi, na hununua unga kidogo kidogo kwa kuwa unaingia wadudu. Baada ya mavuno huja ngoma za mwali na harusi, na hapo mama wa mwali huhitaji mchele, nazi, sukari na ngano kwa mkupuo mmoja. Shangazi huzijua ngoma hizo mwezi mzima kabla, kwa sababu anakwenda kuzicheza. Huyo ndiye mtaalamu wa masoko wa duka lake, na hakuna kompyuta inayomzidi katika eneo lile.

Ramadhani nitaisema peke yake, maana Pwani ni mwezi unaoweza kubeba robo ya mwaka au kukuvunjia heshima. Tambi, tende, ngano, hamira, iliki, sukari na nazi viwe ndani wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza katikati ya Machi, wakati sukari ilikuwa imeadimika tangu Januari baada ya mvua kubwa kuvuruga uzalishaji viwandani. Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, lakini mitaani kilo ilivuka 4,000 sehemu nyingi. Shangazi alikuwa na mifuko minne aliyoinunua kwa bei ya kabla. Walikuja watu wakitaka mfuko mzima kwa bei yoyote. Alikataa. Aliuza nusu kilo kwa nyumba kwa siku, kwa faida yake ya kawaida, mpaka ikaisha, kisha akauza ile ya bei mpya kwa bei yake mpya, akamwonyesha risiti kila aliyeuliza. Kuna aliyemwambia ameacha fedha mezani. Wanawake wa mtaa ule bado wanamtaja kwa hilo, na wananunua kwake hata vitu ambavyo duka la pili linauza nafuu kwa shilingi hamsini.

Kuhusu kununua, nauli ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu wa Kisarawe anapanda daladala hadi Gongo la Mboto, anaunganisha Kariakoo, anapata katoni ya sabuni kwa 1,500 chini ya bei ya jumla iliyoko karibu, kisha anatumia 6,000 ya nauli na mbebaji na siku nzima duka limefungwa. Nenda Kariakoo kwa orodha ndefu au usiende. Nafaka zitazame Tandale na Manzese. Kilicho bora zaidi nilichokiona ni wenye maduka wanne wa mtaa mmoja kukodi kirikuu moja kila Jumanne, mmoja akaenda na orodha za wote. Walishindana dirishani na kushirikiana barabarani. Vitu ambavyo magari ya kampuni huvileta mlangoni, soda, mikate, sigara, usivifuate popote.

Ukishaaminika utapewa mali kauli. Ni heshima kubwa, kwa kuwa mtu wa jumla amekukabidhi mzigo kwa neno lako tu. Chukua kwa njia hiyo vitu vinavyotoka haraka peke yake, unga, sukari, mafuta. Usichukue mali kauli ya vitu vya urembo vitakavyokaa rafuni miezi mitatu huku tarehe ya kulipa inakuja. Siku ikifika na huna fedha kamili, mpigie kabla yeye hajakupigia, na umpelekee ulichonacho.

Mizani ni moyo wa duka la kupima. Mfuko wa kilo 50 una robo 200. Mkono wako ukizidisha gramu 10 kila robo, umegawa kilo 2 bure, na faida ya mfuko imekwenda karibu yote. Ukipunja gramu 10, umemwibia mtoto wa mtu, na mtaani watajua, maana kuna mama mwenye mizani yake nyumbani. Pima sawasawa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani kila mwaka na kubandika stika. Peleka yako bila kusubiri kufuatwa. Robo ina haki ya bei ya juu kidogo kuliko kilo nzima ikigawanywa kwa nne, kwa sababu ina kazi na kifungashio, na mteja anaelewa ukimweleza. Faida yako halali iko hapo, kwenye kazi ya kugawa.

Mambo ya serikali yasikuogopeshe. TIN hutolewa bure na TRA, leseni ya biashara unaipata halmashauri, jengo la kuuzia chakula linasajiliwa TBS tangu kazi hiyo ilipohamishiwa kwao mwaka 2019. Lakini daftari nalisisitiza tena hata hapa. Katika jedwali la makadirio lililotumika miaka ya karibuni kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000, na mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na akaandika alilipa 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea 70,000. Viwango hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo nenda ofisini mwezi wa saba ukaulize mwenyewe. Makadirio hulipwa kwa awamu nne. Tenga kidogo kila wiki isije Machi 31 ikakukuta ukiuza friji.

Mahali pa duka pakague kwa macho ya miaka kumi. Mwaka 2017 nyumba na maduka yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuja Kiluvya, yalibomolewa kupisha upanuzi wa njia nane hadi Kibaha. Wapo waliokuwa na maduka mazuri kuliko yote ya eneo lile, mbele kabisa, mahali kila mtu alipopatamani. Kabla ya kuweka tofali au kulipa kilemba cha fremu, ulizia mpaka wa hifadhi ya barabara kwa TANROADS na halmashauri, siyo kwa dalali. Stendi nazo huhama. Mabasi ya mikoani yalipoondoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, walioishi kwa abiria walibaki wakitazamana. Duka la familia likae kwenye njia ya watu wanaorudi nyumbani, maana nyumba hazihami.

Uwakala wa fedha za simu unaleta watu dirishani, na anayetoa elfu kumi mara nyingi huacha elfu mbili kwenye mkate na maziwa. Ila salio la wakala ni kopo la tatu. Ukilikopa leo kununulia mchele, kesho mteja anakuja kutoa fedha huna, na anakwenda kwa mwingine pamoja na mkate wake. Mikopo inayoitwa kausha damu nayo isiingie kabisa dukani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, muulize akuonyeshe. Lakini hata mwenye leseni, kama rejesho ni la kila siku au kila wiki, litachukuliwa katika kopo la kwanza, hakuna pengine. Mfuko wa sukari unaokupa 6,500 kwa siku sita haubebi rejesho la 10,000 kwa siku. VICOBA vya watu mnaojuana, mkiwa na katiba na mgao wa mwisho wa mwaka, ndiko duka letu lilikokopa, na mara zote tulikopa kabla ya Ramadhani.

Limebaki lile ambalo familia nyingi hazitaki kulizungumza mwenye duka akiwa hai. Duka ni la nani? Katika ukoo wetu lilikuwapo duka moja kubwa kuliko la mama. Mwenyewe alipofariki, mwanawe wa tatu alikuwa amekaa kaunta miaka tisa. Hapakuwa na maandishi yoyote yaliyoonyesha kipi ni mali ya marehemu, kipi ni cha kijana, kipi ni deni la mtu wa jumla. Ilipofika mirathi, kila kilichokuwa rafuni kiligawanywa pamoja na viti na godoro. Ndugu walichukua haki yao, sina la kuwalaumu. Kijana alitoka na katoni mbili za sabuni, na mtu wa jumla akawa anamdai yeye. Duka lile sasa ni saluni.

Andikeni mapema. Kama mtoto ameweka nguvu zake, muwe na karatasi inayosema sehemu yake ni ipi, mbele ya mashahidi. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, na kama mpo wawili, mke na mume au ndugu, yaandikwe majina yote mawili. Daftari la mali kauli lijulikane lilipo. Kwa Waislamu, shehe atawaeleza vizuri tofauti ya kilicho mali ya marehemu na kilicho mali ya mshirika wake. Mshirika anayejulikana kwa maandishi hutoa chake kwanza, ndipo mirathi ianze. Kwa wengine, wakili au hata ofisi ya mtendaji wa kata itawasaidia kuanza. Mkae siku moja jioni, duka limefungwa, chai ipo mezani, mlizungumze bila kusubiri ugonjwa.

Mama alifunga dirisha lake mara ya mwisho akiwa na afya, kwa hiari, akamkabidhi mdogo wangu mzigo uliohesabiwa kopo kwa kopo na daftari lenye madeni ya nyumba kumi na moja. Nyumba zote kumi na moja zililipa. Wewe unayesoma haya ukiwa kaunta, anza leo usiku na sukari: pima iliyobaki mfukoni, linganisha na iliyouzwa, kisha nenda jikoni kwako ukaulize.